Ua Linalopenda Kivuli

Jumatatu, kwenye kivuko kutoka ukingo wa kushoto wa mto, mama mmoja alikuwa amebeba ua jekundu, la mviringo kama ngumi, juu ya bua moja lisilo na jani. Alilichimbua msituni baada ya mvua za kwanza, na sasa alitaka kujua jina lake.

"Iko dawa ya kifua," alisema abiria mmoja.

"Hapana! Iko chakula ya mboloko," akabisha mwingine, akimaanisha paa mdogo wa msituni, na kivuko kizima kikageuka baraza.

Muuza samaki kutoka Yanonge akatua kikapu, akafuta mikono kwenye suruali, kisha akalipokea lile ua. Alitazama udongo mweusi ulioganda shinani.

"Naijua. Iko ya nyuma ya nyumba ya mama yangu."

"Bon, jina yake, papa?" mama akamuuliza.

"Tulikuwa tunaiona tu. Nani angeuliza jina?"

Akatueleza kwamba kijiji chao kilikuwa ndani ya msitu, mpaka serikali ilipowahamishia kando ya barabara.

"Alors kamata, papa. Panda kwako."

Akalirudisha kwa mikono miwili. "Merci, mama. Hii inapenda kivuli. Kwetu sasa iko jua tu."

Barabara sote tunaisifu, nami ndiyo iliyonileta mjini. Lakini tulipofika ng'ambo mama aliuliza tena, "Donc niiite nani?" Yule bwana, kikapu begani, akataja jina la kijiji chao, kile cha msituni. Hilo ndilo jina pekee la ua lile ninalolijua, na kwenye ramani halimo tena.