Mabomba Yaliyoimba Igamba

Wizi ninaouungama hapa si wa kitu kinachoshikika: niliichukua kazi ya mikono ya mtu mwingine, nikaiita yangu mbele ya kanisa zima. Kila nikiukumbuka msimu ule, harufu hutangulia, harufu ya plastiki inayolegea juu ya makaa ya matawi ya mibuni, ikichanganyika na maua meupe ya kahawa yaliyofumuka baada ya mvua za kwanza. Tulikuwa nyuma ya jiko la mama mkubwa, Igamba, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili na binti yake, ambaye kwa desturi yetu ni dada yangu, akiwa na kumi na sita. Mradi wa maji wa kijiji ulikuwa umebakiza vipande viwili vya bomba pana, na mwenyekiti alimruhusu avichukue. Aling'oa spika katika redio mbovu, akaupanua mdomo wa kila bomba kwa moto hadi spika ikaenea, akajaza sufi ya mto wake ndani ili sauti isigonge kuta. Palipobaki upenyo aliziba kwa nta na kwa mpira alioukata kwenye ndala zake mwenyewe.

"Dada, utaenda kanisani na nini?"

"Na miguu. Ndala ndizo zitabaki. Usikae hapo kama mgeni wa harusi, shika!"

Nilishika. Alipunguza bomba kwa upana wa ukucha, akaunganisha waya wa spika na redio ya baba yake, akasikiliza, akapunguza tena. Mimi niliona limekwisha kulia vizuri. "Hiyo ni nyuki kwenye debe," alisema. "Besi yenyewe haijaja." Akaendelea kukata mpaka ikaja.

Hakuwa akicheza. Alikuwa amemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kuendelea, na wageni kutoka Ndalambo walikwisha kuleta posa. Mama mkubwa alimwombea muda hadi siku ya tamasha la kwaya kanisani kwetu, kwani ilijulikana kwamba fundi redio wa Tunduma, ambaye angekuja na amplifaya yake, alikuwa akitafuta mtu wa kumfundisha kazi. Baba mkubwa alikubali: fundi akimtaka, posa itarudishwa. Mabomba yale mawili, kwa hiyo, ndiyo yaliyokuwa barua yake ya kuomba kazi, na alisubiri yasomwe.

Siku ilipofika, yalisimamishwa juu ya vipande vya matofali mbele ya madhabahu, na kwaya ya kwanza ilipoimba, besi ilitoka chini sakafuni ikapanda kwenye mabenchi hadi vifuani mwetu. Fundi alizima mitambo, akapiga magoti, akachungulia ndani ya bomba. "Nani kayatengeneza haya?" Nilikuwa karibu naye zaidi. Dada alisimama hatua tatu nyuma, peku, na nta ingali kwenye kucha zake. Alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu msichana hakujisemea mbele ya wazee; alikuwa na mdogo wake wa kumsemea.

"Mimi, shikamoo."

"Marahaba. Wewe mwenyewe? Na huyu binti?"

"Alinishikia tu."

Dada alifungua mdomo, lakini makofi yalikwisha kuanza, na baba yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga. Mama mkubwa, shahidi pekee, alikuwa nje akiwapikia wageni. Jioni aliposema kweli, mumewe alimjibu kwamba wanamwonea wivu mtoto. Mimi nilikuwapo, nikala ugali wangu. Dada alinifuata uani. Hakulia wala hakunipiga. "Mdogo wangu," alisema, "aliuliza mara mbili. Ya kwanza ungeweza kusema ulishtuka."

Likizoni nilipelekwa Tunduma kwa fundi, nijifunze kazi. Siku ya tatu fundi aliitazama kazi yangu, akanirudishia nauli. "Mikono hii haijawahi kufunga spika. Aliyekufundisha yuko wapi? Nimlete huyo." Nilijibu kwamba sina aliyenifundisha. Niliporudi Igamba, dada alikwisha kuozwa Ndalambo, na huko alilima hadi alipofariki, miaka mingi baadaye, kabla sijapata ujasiri wa kumfuata.

Siku hizi Tunduma imejaa maspika ya bei rahisi, hakuna anayehangaika na makaa wala sufi. Lakini mbele ya maduka ya vifaa vya ujenzi mabomba hupangwa wazi, na upepo ukipita midomoni mwake hutoa mngurumo wa chini, mrefu, na mimi mtu mzima mwenye vitabu ukutani huvuka barabara nisiusikie. Wanangu nimewafundisha kusema kweli kwa ukali ambao wao hudhani ni uadilifu. Mwezi uliopita kanisa la Igamba liliandaa kijitabu cha historia ya kwaya, na katibu akaniletea nisome. Palipoandikwa nani alitengeneza spika za kwanza, palikuwa na jina langu. Nilimwambia alifute.

"Ah, Mwalimu, ya zamani hayo. Waliokuwapo wamekwisha. Nani atajua?"

Nikamwomba kalamu. Nilikata jina langu kwa mistari miwili, na juu yake, kwa herufi kubwa ili mpiga chapa asikosee, nikaandika: Enesi Nakanyika.