Fundi Aliyesingiziwa Mvua

Ndahani alikuwa fundi wa mapaa, na katika nchi ile, mwendo wa asubuhi moja kutoka Gulwe, hapakuwa na wa kumfikia. Kusimamisha nguzo wengi waliweza, kukandika ukuta kila mwanamke aliweza, lakini paa la tembe lina wenyewe. Limelala bapa, na juu ya boriti na fito hutandazwa nyasi, kisha udongo mzito. Udongo ukiwa wa kichanga, maji hupita. Ukiwa mfinyanzi mtupu, jua huupasua. Ndahani alichanganya udongo wa kichuguu na ule wa magadi wa mbugani, akaulaza na kuuinamisha kidogo tu, kiasi cha jicho kutoona, na maji yakajiendea yenyewe hadi kwenye mlizamu wa kuyatoa nje. Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza alipita nyumba kwa nyumba, akikanyaga mapaa kwa kisigino na kusikiliza. Mwenye nyumba akisema paa lake bado zima, alimwambia asiyeziba ufa atajenga ukuta, akaenda zake.

Kasoro yake ilikuwa mdomo. Fundi hodari hupenda kujisikia, na Ndahani alijisikia kuliko wote. Kila alipobomoa udongo wa paa bovu, mwenye nyumba alimuuliza, je, mvua ikija kabla hujafunika? Naye alijibu bila hata kugeuka, "Nimeshaiambia isubiri." Watu walicheka. Alisema hivyo miaka kumi na mitano, na miaka kumi na mitano watu walicheka, maana walijua ni porojo za fundi anayetaka kuletewa pombe. Mimi ningekuwapo ningemwambia mdomo huponza kichwa, ila najua naye angenicheka.

Mwaka ule Wadachi walipoleta reli, mvua ya kwanza ilinyesha mchana mmoja tu, lakini kwa nguvu. Kesho yake asubuhi Kefa akaja kwa Ndahani akikimbia, matope mpaka magotini.

Kefa na Ndahani walitahiriwa mwaka mmoja, kambi moja, wakalala ngozi moja mpaka vidonda vikapona. Waliotoka jando pamoja ni zaidi ya waliotoka tumbo moja, kwa sababu tumbo hukulichagua lakini maumivu yale mliyavumilia mkitazamana. Baadaye Kefa alikwenda kwa wamisionari wa Mpwapwa, akabatizwa, akajifunza kusoma, akarudi na jina jipya. Mawe ambayo mtemi aliitia nayo mvua aliyacheka waziwazi. Ndahani hakubatizwa, lakini hilo halikuwatenganisha. Walikunywa togwa kibuyu kimoja kama zamani.

"Mbukwa, mwenzangu," Kefa alisema akihema. "Boriti ya chumba cha nafaka imekatika. Udongo umeanguka juu ya vilindo vya mtama. Njoo sasa hivi."

Ndahani akaenda, akapanda, akaona. Mchwa walikuwa wameila boriti ikabaki ganda. Alitaka boriti mpya moja na mapau kumi na moja, na hilo halikumtia wasiwasi, kwani miti hiyo ilikuwapo. Wakati wa kiangazi wao wawili waliikata pamoja mlimani, na Ndahani mwenyewe akaichonga na kuitia alama yake, mikato mitatu ya shoka karibu na kitako. Wakaiacha chini ya mlima ikauke.

"Nibomoe lote?" aliuliza. "Nikishabomoa, miti iwe hapa."

"Bomoa. Miti utaipata kesho."

Akabomoa. Akashusha udongo wote wa upande ule, akang'oa fito na mapau yaliyooza, chumba kikabaki wazi, mbingu inaonekana. Kefa akahamishia vilindo, yale magome ya kuwekea nafaka, upande wa pili. Mtu mmoja aliyepita njiani akauliza lile swali la kila mwaka, na Ndahani akalijibu lile jibu lake la kila mwaka.

Kesho yake miti haikuja. Kefa alisema vijana wa kuibeba wamekwenda kazi ya reli. Keshokutwa akasema Anyesi, mkewe, anaumwa. Siku ya sita akasema anangoja mjomba wake. Na katika siku zote hizo mvua nayo haikuja tena. Uwele uliokuwa umechipua ukaanza kujikunja, mawingu yakapita mbali upande wa milima na kutokomea. Watu waliokuwa wakienda kisimani walitazama paa la Kefa lililo wazi, kisha walitazama mbingu, kisha walitazamana.

Siku ya kumi Ndahani akaenda chini ya mlima peke yake. Hakukuta mti hata mmoja. Alikuta michirizi ya miti iliyoburutwa, akaifuata mpaka kambi ya wajenzi wa reli, na pale akaiona miti yake imesimamishwa kuwa kibanda cha mpishi wa msimamizi. Alipapasa kitako cha nguzo moja kwa kidole. Mikato mitatu. Boriti yenyewe ilikuwa imepasuliwa kuni.

Sasa ni lazima niseme kwamba wazee walikuwa wamekataza mtu yeyote kuwauzia watu wa reli miti, kwa sababu milima ilikuwa inabaki uchi. Aliyevunja katazo hilo alitozwa ng'ombe na kuaibishwa mbele ya watu. Ndahani alijua, Kefa alijua.

"Walinipa kaniki nne na sururu," Kefa alisema alipoulizwa. Hakukana. Alimshika Ndahani mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. "Nilidhani nitakata mingine kabla ya mvua. Nifichie, mwenzangu. Nifichie kama tulivyofichiana kambini. Nitatafuta miti mingine."

Ndahani alikasirika, lakini hasira ya ndugu haikai. Akamwambia atanyamaza. Akanyamaza hata kwa Nyemo, mkewe, aliyemuuliza kila jioni kwa nini ameacha nyumba ya mtu bila paa. Akawa anajibu kwamba miti bado haijakauka. Uongo huo wa kumsitiri mwenziwe ndio uliokuja kumkaba koo.

Wiki ya tatu maneno yalitoka sirini yakaja hadharani. Fundi kafungua paa, na mvua imekoma siku ileile. Fundi hataki paa alilolifungua linyeshewe. Fundi mwenyewe amesema ameiambia mvua isubiri, na amekuwa akisema miaka yote, sisi tukidhani anatania. Wale wale waliokuwa wakicheka mpaka machozi ndio waliokuwa mashahidi sasa. Kufunga mvua katika nchi kavu kama ile si kosa dogo. Aliyepatikana nalo alifukuzwa na watoto wake, mifugo yake ikabaki, na popote alipokwenda jina lilimtangulia.

Wakamwita uani kwa mtemi. Wazee walikaa kwenye vigoda, watu wakasimama nje ya boma la ng'ombe. Ndahani hakuogopa sana. Alijua kwamba mtu mmoja tu anatakiwa kusema neno moja, na mtu huyo alikuwa amekaa hatua tano kutoka kwake. Hata akafikiri jinsi atakavyomwombea Kefa apunguziwe faini.

Mzee aliyekuwa akiuliza alimgeukia Kefa. "Nyumba ni yako. Kwa nini paa liko wazi mpaka leo?"

Kefa alitazama chini. "Baba, mimi nilikuwa tayari tangu siku ya kwanza," alisema. "Miti nilikuwa nayo mpaka ilipoibiwa chini ya mlima. Fundi ndiye hakuitaka. Aliniambia mvua inamsubiri yeye."

Ndahani alidhani hakusikia vizuri. Alimtazama Kefa usoni akingoja aendelee, aseme lililobaki, lakini Kefa alikuwa amemaliza. Wala hakuwa mtu anayeamini hayo. Huyu ndiye aliyewaambia vijana kwamba mvua hutoka kwa Mungu na mawe ya mtemi ni mawe tu. Mpumbavu angesema vile kwa kuamini, ukamsamehe. Kefa alisema akijua, na kikulacho ki nguoni mwako.

"Wazee wangu, miti iko kambi ya reli," Ndahani alisema. "Aliiuza. Ina alama yangu. Nendeni mkaione."

"Mkeo alisema ulimwambia miti haijakauka."

"Nilikuwa namsitiri."

Watu wakaguna. Mzee, kwa haki, akatuma watu wawili wakaangalie. Walirudi alasiri. Kambi ilikuwa imehama siku tatu nyuma, imefuata reli kuelekea magharibi, na pale pahali pamebaki majivu. Kefa alipewa nafasi ya kusema tena, akasema hana la kuongeza.

Hukumu ilikuwa fupi. Paa lifunikwe kabla jua la keshokutwa halijazama. Lisipofunikwa, Ndahani aondoke na watu wake, ng'ombe wabaki.

Lakini kwa miti gani? Mlima wenye boriti nzuri ulikuwa mbali, boriti hubebwa na wanaume wanne, na hakuna mwanamume aliyekuwa tayari kuonekana akimsaidia mfunga mvua. Ndahani alirudi kwake akakaa katikati ya nyumba akiangalia juu. Boriti yake ilikuwa ya mninga, iliyowekwa na marehemu baba yake, mchwa hawajaigusa. Nyemo alifuata macho yake, akaelewa.

"Baba Sogoda," alisema, "hiyo ni nyumba ya wanao."

"Naijua."

"Unabomoa paa la wanao ukamfunike yule?"

"Nisipolibomoa hatutakuwa na nyumba wala ng'ombe."

Nyemo alilia, kisha akafunga nguo kiunoni, akashika upande wa pili wa boriti. Waliibeba wao wawili, wakipumzika kila hatua ishirini, na watu waliwaangalia wakipita. Mapau waliyarudia mara nne.

Kazi ya Kefa aliifanya siku mbili. Nataka ijulikane kwamba angeweza kuiharibu. Kulaza udongo kinyumenyume, ili maji yarudi ndani badala ya kwenda mlizamuni, ni kazi ya kiganja kimoja, na hakuna ambaye angegundua mpaka mtama umeota vilindoni. Alilifikiria hilo, alilifikiria sana. Kisha akaulaza udongo vizuri kuliko alivyowahi kuulaza, kwa sababu hakujua kutengeneza paa bovu, na hilo pia lilimuuma. Kefa alimletea maji ya kukandia, akiweka mtungi mbali kidogo na kuondoka. Jua lilipokuwa likishuka, paa likawa limefungwa.

Mvua ikanyesha kesho yake, mchana.

Ilianza kwa upepo, kisha ikashuka yote kwa pamoja, ile mvua ambayo nchi nzima ilikuwa inaililia. Wanawake walipiga vigelegele mashambani. Watoto walikimbia uchi. Na kila aliyekuwa na shaka, shaka ikamtoka. Si mmeona? Ameifungua jana, leo imekuja. Ndahani aliyasikia hayo akiwa amekaa nyumbani mwake, katika chumba kisicho na paa, watoto wake watatu na mama yao wamejibanza chini ya ngozi moja ya ng'ombe, na maji yakipanda kwenye jiko. Ukuta mmoja ulianza kumomonyoka. Kama kweli angekuwa na uwezo juu ya mvua, siku ile angeutumia.

Mbaya zaidi ni kwamba walikuja kumshukuru. Walikuja wawili watatu, wamelowa, wanacheka, lakini wakasimama mbali, na wakaacha kuku mweusi wa tambiko mlangoni bila kumkaribia. Mmoja akamwomba kwa heshima asiwafanyie tena. Hapo Ndahani alielewa kwamba hakuna atakayemwita tena kupanda paa lake, si mwaka ule wala mwingine wowote.

Wa mwisho kuja alikuwa Kefa. Alisimama mlangoni, au pale palipokuwa mlango, kaniki mpya begani.

"Paa halipitishi hata tone, ndugu yangu," alisema taratibu. "Nimekuja kukushukuru. Wamekuacha ukae. Ng'ombe wako unao. Yote yameisha vizuri."

Nyemo hakuinua uso. Ndahani alinyanyuka, akafuta kigoda kwa kiganja, akakiweka katikati ya chumba.

"Karibu ndani," alisema. "Kaa."

Kefa alikitazama kigoda, akatazama juu. Alisema angependa kukaa, lakini mvua ilikuwa kali mno. Akajifunika kaniki kichwani, akaenda kwake.