Kilo ya Gunia

Senta yetu ya majani chai iko pale barabara ya murram inapokata kona kuelekea Kabianga. Ni kibanda cha mabati chenye waya wa kuku pande tatu, na katikati mizani inaning'inia kwenye mnyororo. Ukitaka kutukasirisha sisi wakulima wa pale, usituletee habari za siasa wala za mvua ya mawe. Taja tu kilo ya gunia. Kila gunia unalotundika, mashine inakata kilo moja, eti huo ndio uzito wa gunia lenyewe, na gunia lenyewe mtoto wa nasari anaweza kulibeba kwa kidole. Tumelalamika mpaka midomo imekauka, na mimi nikiwa mstari wa mbele, maana sikuzaliwa na subira. Makarani wanabadilishwa, kilo inabaki.

Chepkurui alipoolewa kijijini kwetu hakujua hata chai inavyochumwa. Kwao ni Ndanai, watu wa mahindi na ng'ombe, na wiki ya kwanza alichuma majani makavu ya chini ambayo hata mbuzi angeyafikiria mara mbili. Wanawake walimcheka shambani, wakamcheka njiani, wakamcheka tena kanisani kwa sauti ya chini. Aliinama akajifunza, majani mawili na kichipukizi, na kabla mwaka haujaisha gunia lake lilikuwa linasoma kilo nyingi kuliko yetu sote. Ndipo tukanyamaza. Kutoka siku hiyo aliipenda ile mizani. Mimi nikiisema vibaya alikuwa ananiambia, "Mama Osoro, mizani haina maneno ya watu." Mizani ndiyo iliyomtetea alipokuwa hana mtu, na hilo sikulifikiria sana wakati ule.

Mumewe, Kiplimo, anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kericho na huja nyumbani Jumapili. Kwa hiyo bomani wako wawili tu, yeye na mama mkwe wake, Rodah. Nyumba yao na yangu zinatenganishwa na ua wa miiba, na ua hauzuii sauti. Nilisikia mtoto alipoletwa kutoka hospitali, nikasikia Rodah akiimba, nikachukua wimbi na kuku wangu mmoja nikaenda kuona. Kijana. Walimwita Kipyegon. Alikuwa amezaliwa na kilo tatu, pointi mbili, na alipopelekwa kliniki akiwa na wiki mbili alisoma tatu, pointi nne. Muuguzi Sally aliwaambia anaenda vizuri, anyonye tu, asipewe kitu kingine chochote.

Sasa, mtoto yule alikuwa na jambo lake. Jioni jua likianza kushuka, alikuwa analia. Ananyonya, anaachilia, analia, anataka tena. Mimi nimelea watano na wote walikuwa na saa yao ya kusumbua, nikamwambia Chepkurui hivyo. Lakini huyo ni mtoto wake wa kwanza, na wageni wa kuona mtoto walikuja na midomo yao. Mmoja aliminya titi lake mbele ya watu, kama anayechagua parachichi sokoni, akasema ni laini mno, halina kitu. Mwingine akasema watu wa Ndanai maziwa yao huisha mapema. Nilimuuliza huyo amepima wanawake wangapi wa Ndanai. Watu walicheka, lakini Chepkurui hakucheka.

Rodah ni mwanamke mwema, lazima niseme, maana kwenye hadithi kama hizi watu hupenda kumtafuta mama mkwe wa kulaumu. Alimpikia uji wa wimbi asubuhi na jioni. Alimchumia mboga za isagek, akamchemshia supu ya mifupa, akamkataza kushika jembe. Na wiki ileile ng'ombe wake alikuwa amezaa. Kila asubuhi Rodah alipita mlangoni na ndoo imejaa povu, na Chepkurui amekaa pale na mtoto kifuani, anaitazama ndoo.

"Ng'ombe anajaza ndoo, mimi nikijikamua sipati hata kijiko," aliniambia siku moja. "Mama Osoro, mimi sina maziwa."

Nilimwambia mtoto hanyonyi kijiko, ananyonya mama. Nilimwambia aende kliniki apime, moyo utulie. Lakini siku hizo wahudumu wa kliniki walikuwa wamegoma, mlango umefungwa kufuli, na kuhusu hospitali binafsi Kiplimo alisema wasubiri kidogo, pesa hazijapatikana. Ndipo Chepkurui akakumbuka rafiki yake wa zamani, mizani.

Alikuja senta mchana, kabla lori halijafika, mtoto amefungwa kwenye shuka. Karani wetu ni Okemwa, kijana wa Kisii kama mimi, nami humwita mtoto wa kwetu hata akinikatia kilo. Ana roho nzuri. Watu wote kwenye foleni walimpisha Chepkurui. Okemwa alifuta ile ndoano kwa kitambaa, akatoa gunia jipya ambalo halijashika jani, akalitandika ndani kwa shuka ileile. Mtoto akawekwa humo taratibu, akatundikwa, mikono minne imemkinga chini. Hata hakulia. Namba nyekundu zilicheza, zikasimama. Mbili, pointi nane.

Okemwa alimshusha, akamtundika tena. Mbili, pointi nane.

Sisi ambao kila siku tunaapa mbele za Mungu kwamba mizani ile ni mwizi, siku hiyo tuliiamini kama Injili. Nilikuwepo, nimesimama karibu kuliko wote, na ulimi wangu huu mrefu ulilala. Sote tulikuwa tunamwangalia mtoto, na mtoto, ukishaambiwa amekonda, unamwona amekonda. Chepkurui alimtoa kwenye gunia, akamfunga, akamshukuru Okemwa kwa adabu, akaondoka. Alipofika kwenye kona nilimwona amesimama, ameinamisha kichwa juu ya shuka.

Jioni hiyohiyo Rodah alichemsha maziwa ya ng'ombe, akayapunguza makali kwa maji, akaleta kikombe na kijiko. Na nani angemkataza? Mtoto anapungua, maziwa yako nyumbani. Mtoto alikunywa, akalala fofofo, na kwa mara ya kwanza saa ile ya kilio ilipita kimya. Nilisikia ule ukimya kutoka kwangu. Asubuhi Rodah aliniambia uani, karibu analia kwa furaha, "Kumbe ilikuwa njaa, mama Osoro. Hii mtoto alikuwa na njaa tu."

Ikawa hivyo. Kikombe kwanza, titi baadaye. Halafu kikombe, na titi mtoto akiwa amelala nusu, ananyonya mara mbili tatu anaachilia. Wafugaji sote tunajua kinachompata ng'ombe usipomkamua, anakauka. Tunajua hilo hata usingizini. Lakini hakuna aliyelifikiria kwa Chepkurui, kwa sababu tulishakubaliana kwamba hana. Yeye alikunywa uji mpaka akauchukia, akaminya kifua kila asubuhi kuangalia, na kila asubuhi alichokiona kilikuwa kidogo kuliko jana. Aliacha kuniambia hana maziwa. Hakukuwa na haja ya kusema jambo ambalo kila mtu anajua.

Kisha mtoto akaanza kuhara. Rodah alibadilisha maji, akaosha kikombe kwa maji moto, akapunguza maziwa zaidi. Mgomo ulipoisha wakampeleka kliniki kwa chanjo ya wiki sita, na mimi nikawasindikiza. Mizani ya kliniki ilisoma tatu, pointi tano. Rodah alipiga makofi. Kutoka mbili pointi nane mpaka tatu pointi tano, ng'ombe wake amemwokoa mjukuu! Muuguzi Sally hakupiga makofi. Alitazama kadi, akamtazama mtoto, akabana ngozi ya tumbo. Alisema mtoto wa wiki sita hapaswi kuwa hapo, kwamba tangu ile siku ya wiki mbili hajaongeza kitu cha maana, na maziwa ya ng'ombe yaachwe, arudishwe kwenye titi. Chepkurui alimweleza habari ya mizani ya chai. Sally alisema ile ni ya majani, si ya watoto, na nje foleni ya mgomo mzima ilikuwa inamngoja.

Njiani Rodah alisema muuguzi ni msichana mdogo, hajazaa. Namba zinaonekana, mtoto amepanda. Chepkurui alitembea nyuma yetu. Alijaribu siku mbili kumrudisha kwenye titi, mtoto akalia mpaka akapoteza sauti, Rodah akaja na kikombe. Baada ya hapo Chepkurui alirudi shambani kuchuma. Maana kama mtoto hamhitaji, akae nyumbani kufanya nini?

Siku moja tulikuwa kwenye foleni, mimi, Chepkurui nyuma yangu, na mbele yetu Marcella, mjane ambaye shamba lake halizidi ua wa kanisa. Gunia lake lilikuwa na majani kidogo tu. Okemwa alipolitundika, Marcella akaona namba, akawaka. Alisema nusu ya jasho lake imeliwa na gunia, na akitundika kuku hapo atasomewa yai. Tulicheka, kama tunavyocheka siku zote. Nikageuka kumwambia Chepkurui neno, nikaona uso wake.

Alipita mbele yangu mpaka kwenye mizani. Alimuuliza Okemwa hiyo kilo inakatwa wakati gani.

"Inajikata yenyewe, mathe. Ukiwasha tu, imeshakata."

"Majani peke yake?"

"Chochote yenye inatundikwa."

Nilikuwa na pakiti ya unga niliyotoka kununua dukani, ya kilo mbili. Aliichukua mkononi mwangu bila kuomba. Akamwaga majani yake yote chini kwenye saruji, akatia unga ndani ya gunia, akalitundika mwenyewe. Namba zilicheza, zikasimama. Moja, pointi moja.

Aliisoma kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inahesabu, na sote tulikuwa tunahesabu naye, hata Marcella, maana wote tulikuwepo siku ile. Mbili pointi nane, ongeza moja, ni tatu pointi nane. Hata ukitoa shuka na hilo gunia jepesi, mtoto hakuwa amepungua kutoka ile tatu pointi nne ya kliniki. Alikuwa ameongezeka. Alikuwa amenenepa kwa maziwa ya mama yake peke yake, bila msaada wa ng'ombe yeyote.

Okemwa alishika mdomo. Alisema hakujua, kwamba hakukumbuka, kwamba mashine ndivyo inavyoletwa. Nilitaka kumtukana mtoto wa kwetu, nikakosa mahali pa kuanzia, kwa sababu mimi pia nilikuwepo, na wenzangu wote, na hiyo kilo tunaiimba kila siku ya Mungu.

Chepkurui hakupandisha sauti. "Kilo za majani nimewaachia miaka yote," alisema. "Ya mtoto wangu utanirudishia wapi?"

Tulimwokotea majani yake, lakini yeye alikuwa ameshaondoka, na Marcella ndiye aliyelipeleka gunia lake kupimwa.

Siku iliyofuata alirudi kliniki peke yake na mtoto. Safari hii Sally alikaa naye. Alimwambia maziwa yanaweza kurudi, yakiitwa sana: amweke mtoto mchana kutwa, ngozi kwa ngozi, hata kama hakuna kinachotoka, na kikombe kije mwisho. Alimwambia pia asijidanganye, si kila mtu hufanikiwa. Chepkurui aliacha kuchuma. Rodah aliposikia habari ya unga na gunia, alikaa kwenye kigoda jikoni, akasema, "Mimi ndiye nilileta kikombe." Akarudia hivyo mpaka nikamwambia anyamaze, hakuna aliyemshtaki. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Maziwa hawakuyataja, labda kwa huruma.

Nimekuwa nikienda pale kila siku. Wiki zinapita, na Chepkurui anakaa dirishani, kifua wazi, mtoto juu yake. Matone yalirudi, kweli, machache, ya kulowesha kitambaa. Hayakuongezeka. Jana nilimkuta amekaa vilevile. Kipyegon sasa anatazama, ana macho makubwa kwenye uso mdogo, na kifua chake kinakoroma kidogo akivuta pumzi. Mama yake alimgusisha titi kwenye shavu. Mtoto aligeuza kichwa upande wa pili, kule meza iliko, akaanza kulia akitafuta kikombe.

Rodah alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Chepkurui alifunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, bila haraka.

"Mama Osoro," aliniambia, "kumbe nilikuwa nayo."

Nilimwambia ndiyo, ulikuwa nayo. Kisha nikamshikia mtoto, naye Chepkurui akanyoosha mkono kuchukua kikombe.