Mbwa Asiyetikisika

Juzi, kwenye bustani karibu na kwetu Thamesmead, nilimwona mbwa mweusi akimrudishia bwana wake mpira, ameushika mdomoni taratibu kana kwamba ni yai. Mara harufu ya nyasi mbichi na samadi ikanirudia.

Nilipokuwa mtoto, mzee mmoja wa kanisani alitupeleka, mimi na mama, kwenye shamba nje ya London, kutazama mbwa wa wawindaji, wa kuokota ndege waliopigwa risasi, wakipewa mtihani. Alitumiminia chai ya flaski huku akitueleza.

"Bunduki ikilia, mbwa asitikisike mpaka aamriwe. Akikimbia, anarudishwa nyumbani."

Neno hilo la kurudishwa nililijua. Tulikuwa bado tunangoja makaratasi ya kuruhusiwa kukaa Uingereza, na katika kila sala mama aliomba tusirudishwe Kongo.

Bunduki ikalia. Mbwa wote wakatulia. Mama alinivuta, akanilaza kwenye nyasi, akanifunika kwa mwili wake.

"Usiinuke, mwanangu," alininong'oneza, moyo wake ukigonga mgongoni mwangu.

Leo najua mwili wake ulijifunza hayo Bukavu, wakati wa vita. Siku ile niliona jambo moja tu: mama ametikisika, na mwanamke mmoja mwenye filimbi, msimamizi wa mtihani, anatutazama.

"Mama, simama, watatuona!"

Mzee alimwinua, akimwomba radhi na kumpangusa matope. Mimi nilikwenda kukaa kando ya mbwa mmoja mweusi, mgongo wima, macho mbele. Bunduki ilipolia tena sikupepesa macho, ili angalau mmoja wetu afaulu.