Fumba la Athumani

Asiyetaka kuamini asiamini, lakini mimi nilikuwepo, na baridi ya usiku ule ninayo mwilini mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nikiwa kijana wa kukata boriti za mikoko upande wa Kiwayu. Tulilala huko huko wiki mbili tatu, juu ya mchanga, na mvua za kusi hazina huruma. Usiniambie kwetu hakuna baridi! Lala nje na nguo mbichi, kisha tuongee.

Blanketi sikuwa nalo. Nilichokitaka ni fumba, ule mkeka mwembamba ulioshonwa kama mfuko. Unalibeba kwapani halina uzito, ukifika usiku unajiingiza humo mzima, unakunja mdomo wake chini ya kichwa, na pumzi zako mwenyewe zinakupasha moto. Shangazi yangu Bi Zena, wa Mbwajumali, alikuwa nalo moja, halijalaliwa. Alimsukia mwanawe Athumani, niliyekua naye. Athumani akasafiri baharini bila kulichukua, chombo kikazama, na maiti yake haikuonekana. Huo ulikuwa mwaka wa tatu tangu azame.

"Hilo lina mwenyewe," shangazi aliniambia nilipoliomba. "Athumani akiya atakuwa na baridi."

Nikaona bibi wa watu kachanganyikiwa. Alipoingia kusali alasiri nikalitungua ukutani, nikaenda zangu. Naam, niliiba.

Usiku wa kwanza mvua ilizima moto. Wenzangu wawili wakajikunyata chini ya tanga kuukuu. Mimi ndani ya fumba nilikuwa na joto tele, nacheka peke yangu. Usingizi unaanza kunichukua, nikasikia mtu akichuchumaa karibu na kichwa changu. Maji yalimchuruzika juu ya mkeka, na meno yake yaligongana.

"Ndugu yangu," akasema, "nipa fumba langu. Baridi yaniuwa."

Sauti ile ningeikosaje? Nywele zilinisimama. Lakini nitawaambia ukweli unaoniaibisha: hofu ningeishinda, lile joto ndilo lililonishinda kuliacha. Nikabana mdomo wa fumba kwa mikono miwili.

"Si lako," nikasema. "Hili ni langu."

Akainuka.

"Basi niwiya radhi. Nilidhani ni la mama."

Nikasikia nyayo zikirudi majini.

Asubuhi mkeka ulikuwa umelowa upande wa kichwani. Nikagusa, nikalamba kidole. Chumvi. Mvua gani ina chumvi?

Sikukata hata boriti moja. Nilirudi Mbwajumali, nikampa shangazi fumba lake. Hakunigombeza. Alilinusa, kisha akaketi chini pale pale.

"Amekuya," akasema. "Hukumpa?"

Tangu siku hiyo alilitandika mlangoni kila jioni, akakesha akingoja, mpaka alipokufa. Athumani hakuja tena. Mimi ndiye niliyemwambia si lake.

Sasa ni mzee. Nalala na mablanketi mawili hata katika joto la kaskazi, na miguu haipati moto. Nawaambieni, kitu alichowekewa mtu kiacheni, hata kama nyote mwaamini harudi. Na akija kukitaka, kwa jina la Mungu, mpeni.