Upande Wako wa Sinia

Badar, fundi redio wa Bagamoyo, aliombwa na rubani Naila aunganishe simu na kifaa cha ramani kwenye tundu moja la intakomu, chombo cha kusikilizania masikioni, ya ndege yake ndogo. Akazisokota nyaya pamoja. Sauti zikamezana.

"Mjinga weye!" akajisonya. Akamkumbuka marehemu mama yake, aliyemchapa mkono kila ulipovuka upande wa mwenziwe kwenye sinia la wali. Akaufungia kila waya rezista yake, kidude cha kuuzuia usimmeze mwenziwe.

Wakaruka kujaribu. Juu ya Mlingotini mawingu yalielea kama usingizi. Ramani ikataja njia, na kutoka simu ya Badar, aliyoichomeka kwa majaribio, ukasikika ujumbe wa sauti wa zamani:

"Umeshakula, mwanangu?"

"Bado, mama."

Naila, aliyesikia yote, badala ya kurudi kutua, akaizungusha ndege tena, taratibu.