Roboti Aliyechelewa Ukweni

Niliwahi kushangiliwa na watu mia tatu kwa sababu nilikuwa naomba msaada.

Siyo utani. Nalia kweli, nataka kufunguliwa, na kadiri nilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kupiga makofi.

Mama mmoja wa mstari wa mbele alifuta machozi, akasema, "Jamani, huyu anajua kuigiza!"

Kaa vizuri nikupe mkasa wenyewe.

Mimi ni fundi wa mafriji. Friji za nyumbani, majokofu ya mabucha, vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki, vyote napiga. Mtaani wananiita Baridi. Siku hizi hata mama yangu mzazi ananiita Baridi.

Ila nina ugonjwa mmoja ambao nilikuwa naufahamu mimi na dada yangu tu. Napenda hadithi za kisayansi kupita kiasi. Vyombo vya anga, sayari za mbali, roboti wenye hasira. Nikiwa nasoma hizo, chakula kinaungua jikoni na pua haina habari.

Na kila mwaka kuna kongamano la mashabiki wa hadithi hizo. Siku moja tu, kwenye ukumbi ambao wiki nyingine hufanyiwa harusi. Watu wazima na heshima zao, wanavaa kama viumbe wa sayari nyingine na kubishana tangu asubuhi kama roboti anahitaji kulala.

Raha yake we acha tu.

Mwaka huo nikasema sivai kofia ya karatasi tena. Nikatengeneza roboti mzima kwa vipande vya friji mbovu. Macho, taa za ndani ya friji. Kifua, bati la mlango. Mgongoni nikaweka kijimlango cha kuingilia, nikakifunga kwa komeo la chumba cha baridi. Lile la chuma, likifunga limefunga.

Sasa sikiliza. Kila mteja wangu mwenye chumba cha baridi namhubiria jambo moja: hakikisha komeo linafunguka na kwa ndani, mtu asije akafungiwa humo. Nimelisema hilo mpaka povu limenitoka.

Nadhani umeshajua komeo la mgongoni kwangu lilifungukia upande gani.

Na siku hiyo hiyo, saa tisa kamili, nilikuwa natakiwa ukweni.

Ndiyo mara ya kwanza. Mchumba wangu ni muuguzi, tumehangaika miaka miwili mpaka baba yake akakubali kuniona. Mzee mwenyewe ni mkaguzi wa mizani. Akitokeza sokoni, wauza nyama wote wanakumbuka kusali.

"Baba hapendi kuchelewa," mchumba alinionya. "Kuna mwenzako alikuja kwa ajili ya dada, akachelewa dakika kumi. Mpaka leo hajafunguliwa geti."

"Nitawahi."

"Na mama hapendi uongo. Mama usimdanganye hata kidogo, atajua tu. Asubuhi utakuwa wapi?"

"Kuna chumba cha baridi kimeharibika. Nakipiga haraka, nakuja."

Ndiyo, najua. Usinitazame hivyo.

Hesabu zangu zilikuwa safi kabisa. Mashindano ya mavazi saa saba, saa nane niko bafuni, saa tisa kasorobo niko getini nanukia.

Dada yangu akanifungia kwa nyuma, akacheka mpaka akakaa chini, halafu huyo akaenda zake kazini. Mlango wa ukumbi ulikuwa mwembamba kidogo. Nikajipenyeza kwa nguvu. Nikasikia *kach!*

"Umeangusha kitu," akaniambia kiumbe mwenye pua tatu. Akanipa mkononi.

Kilikuwa kishikio cha komeo.

Unadhani nilijali? Wala! Nilikuwa nimepagawa. Kulia kwangu watu wanne wamejifunga pamoja wawe mdudu mmoja, na miguu ya nyuma inagombana na miguu ya mbele. Kushoto meza ya vitabu chakavu, wanaume wawili wanang'ang'ania kimoja kama watoto. Mtu akipita ananigonga kifua, "Roboti, hujambo!" na mimi najibu kwa sauti ya bati, "Si-ja-mbo!" Nilicheka peke yangu humo ndani mpaka mbavu zikauma.

Pale kuna sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kuulizana majina ya kweli, kila mtu ana kadi yenye jina la bandia. Ya pili, ukishavaa, wewe ndiye huyo kiumbe mpaka kengele ya saa kumi. Hakuna kutoka kwenye uhusika.

Saa saba na nusu joto likanizidi. Nikapapasa mgongoni. Mikono ya bati haifiki.

Hapo hapo simu ikaanza kuita mfukoni mwa suruali, ndani kabisa ya bati. Ni yeye. Mlio wake naujua.

Kijasho chembamba kikanitoka.

Nikamkimbilia mlinzi wa mlangoni. "Kaka, nimekwama. Nifungue, nakuomba."

Naye alikuwa amevaa kofia ya rubani wa anga. Akanipigia saluti. "Roboti, rudi kwenye kituo chako!"

"Siigizi, kaka!"

"Ndivyo wanavyosema roboti wote."

Nikashikwa mkono, nikapandishwa jukwaani. Zamu yangu ilikuwa imefika.

Nikatazama ule umati, nikasema liwalo na liwe. "Jamani, mimi siyo roboti! Mimi ni binadamu! Ni fundi wa mafriji! Saa tisa natakiwa ukweni, naomba mnifungue!"

Ukumbi ukalipuka.

"Roboti anayedhani ni binadamu!" akapiga kelele jaji mmoja. "Anataka kuoa!"

"Nitakosa mke!" nikalia. Na hapo nilikuwa nalia kweli, machozi haya ya chumvi. Simu ikaita tena tumboni. Wakadhani ni moyo wa roboti unalia. Watu wakasimama, wanapiga makofi, wanapiga vigelegele. Nikavishwa utepe wa mshindi wa kwanza.

Mwaka mzima nimeuota ule utepe. Siku naupata natamani ardhi ipasuke.

Nikateremka, nikajibanza kwenye korido nyuma ya jukwaa. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika kumi. Miaka miwili ya kumbembeleza mzee ilikuwa inaondoka hivi hivi naiona.

"Kijana."

Nikageuka. Kiumbe wa kijani, kichwa kama boga, mikono minane. Kadi yake imeandikwa Mikono Minane. Kwenye mkono mmoja kavaa saa.

"Wewe umekwama kweli," akasema.

"Umejuaje, mzee?"

"Hilo ni komeo la chumba cha baridi. Nimeingia mabucha miaka thelathini, halifunguki kwa ndani. Nani mjinga kakuwekea?"

"Nimejiwekea mwenyewe."

"Loo! Simama wima, nina plaisi."

Nilitaka kumbusu. Akaanza kuhangaika na lile komeo, mikono sita ya ziada ikinipiga makofi kichwani.

"Nafanya haraka," akanung'unika. "Na mimi nawahi nyumbani. Saa tisa kamili kuna mtu anakuja kumposa binti yangu. Akizidisha dakika moja, simfungulii."

Moyo ukanilipuka paa!

Mabucha. Saa tisa. Binti.

"Mzee," nikasema taratibu, "acha tu. Nimeshazoea humu."

"Umezoea nini? Tulia!"

"Kweli kabisa, mzee, naona ni pazuri, kuna hewa..."

*Kach.* Kijimlango kikafunguka. Nikatoka kinyumenyume, nimelowa kama nimetolewa kisimani, na simu ikaniponyoka ikaanguka sakafuni baina yetu. Inaita. Kwenye kioo, picha ya binti yake anacheka.

Mzee akaitazama ile picha. Akanitazama mimi. Akaitazama tena.

Polepole akavua boga.

Alikuwa na masharubu yaliyopimwa sawasawa na rangi ya kijani mpaka shingoni.

"Shikamoo, baba," nikasema. Ningesema nini?

"Marahaba," akajibu. Akameza mate. "Nyumbani wanajua niko kwenye mkutano wa wakaguzi."

"Mimi niko kwenye chumba cha baridi."

Tukaangaliana. Nani alianza kucheka sijui, ila tulicheka mpaka tukashikana mabega. Halafu mzee akaacha ghafla.

"Mwaka wa kumi na moja huu nakuja," akasema kwa sauti ya chini. "Mke wangu hajui. Ni mwanamke mwenye heshima zake, ataniona nimechanganyikiwa. Hukuniona, sikukuona. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Akanipakia kwenye kigari chake, kichwa cha roboti mapajani mwangu. Nikanawa uso kwa maji ya chupa, nikavaa shati tuliposimama kwenye taa. Akaniteremsha kona moja kabla ya nyumba. "Ingia saa tisa na dakika mbili, wasijue tumefika pamoja. Nitakugombeza kidogo, vumilia."

Nikaingia saa tisa na dakika mbili.

"Umechelewa dakika mbili!" akanguruma kutoka kwenye kiti, amefunga vifungo mpaka kooni. "Kwenye mizani hiyo ni wizi!"

Nikainamisha kichwa, nimeng'ata ulimi nisicheke. Mchumba wangu akanitazama kwa huruma, maskini. Tukala, mzee akaniuliza kazi yangu kana kwamba hajui komeo langu linafungukaje. Mambo yalikuwa yananyooka.

Mpaka mama mkwe alipoweka kikombe chini.

"Mwanangu, mbona kwenye sikio una unga wa bati? Ulikuwa wapi kabla ya kuja hapa?"

Mzee akakohoa.

Nikamtazama mchumba wangu, ananikazia macho: usimdanganye mama. Nikamtazama mzee, ananikazia macho: hukuniona. Maji yakanifika shingoni.

"Mama," nikasema, "nilikuwa kwenye kongamano la watu wanaopenda hadithi za sayari nyingine. Nilijitengeneza roboti. Nikakwama humo ndani. Nilimwambia binti yako niko kazini, nilimdanganya, naomba anisamehe. Nilidhani nyinyi mkijua mtaniona mtoto."

Mchumba akanifinya chini ya meza. Siyo kwa mapenzi.

"Nani alikukwamua?"

"Mtu mwema sana, mama. Ila kule huwa hatutajani."

Mama mkwe akatikisa kichwa. Akamgeukia mume wake. "Na mkutano wa wakaguzi ulikuwaje?"

"Mzuri tu."

"Walikuwa wanakagua nini, majani?"

Mzee akapeleka mkono nyuma ya shingo. Ukarudi wa kijani.

Mama aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kikebe cha kushonea. Akatoa kibonge cha uzi wa kijani, kimebaki kidogo sana, akakiweka mezani mbele ya mzee.

"Kila mwaka unarudi na hilo vazi limechanika, unalificha stoo nyuma ya ndoo za rangi," akasema. "Mwaka unaofuata unalikuta zima. Baba nanihii, hivi ulidhani mikono minane inajishona yenyewe?"

Mzee akakiokota kile kibonge, akakigeuzageuza.

"Miaka kumi na mmoja?" akauliza.

"Tisa. Mwaka wa kwanza halikuchanika, na la leo bado sijalishona." Mama akakifunga kikebe. "Nilikuwa nangoja uniambie twende wote. Nikasema labda mwaka huu. Labda mwaka huu."

Mkaguzi wa mizani, anayeogopwa na soko zima, alilia mbele yetu kama mtoto. Akamshika mke wake mkono, hakuuachia mpaka chai ikapoa. Suala la posa ni mimi niliyelazimika kuwakumbusha.

"Ah, wewe," mzee akasema, anafuta masharubu. "Umekubaliwa. Ila komeo hilo ulibadilishe."

Kongamano lililofuata tulikwenda wanne. Mke wangu alikuwa daktari wa maroboti, na ile sindano yake ilinitia hofu ya kweli. Mzee alikuwa na mikono yake minane. Pembeni yake alisimama malkia wa kijani mwenye mikono kumi na miwili, mishono yake haionekani hata kwa tochi, na ndiye aliyenipokonya utepe.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma hii, kama kuna kitu unakipenda na unakificha stoo nyuma ya ndoo za rangi, leo hii mwambie mtu wako. Usingoje miaka kumi na mmoja. Na kabla hujamwambia, kalitazame kwanza hilo vazi lako kwenye mishono.